Uongo Niliouchomeka Ukutani

Likasi, Kikula, Jumamosi alasiri

Yvette mwanangu,

Umetoka kwenda kuagana na rafiki zako, nami nimefunga mlango wa chumba cha kazi ili niandike kabla umeme haujakatika. Sitakuandikia habari za sweta, wala za maji ya kuchemsha, wala mahali pa kuficha pesa safarini. Hayo nimekuambia tangu juzi mpaka umechoka, na mengine unayajua kunishinda. Naandika kwa sababu kuna jambo nimekuficha kwa miaka sita, na kesho unapanda treni kwenda Kamina kufanya kazi ileile ambayo jambo hilo lilitokea ndani yake.

Naandika kwa Kiswahili cha kanisa, kama masista walivyotufundisha. Kile cha nyumbani mkono wangu haujui kukiandika. Lakini watu nitawaacha waseme kama wanavyosema.

Unakumbuka mwezi uliopita, mjomba wako Damas alipokataa usiende. Ulikuwa umekaa palepale kwenye kigoda. Alisema, akiuita umeme courant kama wanavyouita hapa, «Mutoto mwanamuke, peke yake, Kamina, kazi ya kushika courant? Hapana. Courant haina adabu. Unaweza kuizimisha, inarudia yenyewe, haikuulize. Angalieni mukono yangu.» Akauinua mkono wa kulia, na vile vidole viwili vilivyokunjika kama vimeshika kitu kisichoonekana. Nani angebishana na mkono ule?

Halafu juzi Alhamisi akaja akasema uende. Ulifurahi, ukasema lazima watu wa kanisa wamemlainisha. Hapana, mwanangu. Hakuna aliyemlainisha. Nitakueleza ilivyokuwa.

Unajua baba yako alikuwa fundi redio katika warsha ya kampuni, nami nilikuwa chumba cha michoro, nikinakili michoro ya mashine kwa wino juu ya karatasi inayopitisha mwanga. Ndivyo tulivyojuana. Alikuja siku moja kulalamika kwamba nimeruka mstari mmoja. Nilimwambia sijaruka. Tukatandika mchoro wa zamani na mpya pamoja dirishani, na mstari ulikuwa haupo. Hakunicheka. Alisubiri niuchore, akaenda. Wiki iliyofuata akarudi bila mchoro wowote.

Kampuni ilipoanza kufa, mishahara ilichelewa, kisha ikawa hadithi. Watu walibeba walichoweza kubeba: nyaya, vioo, mpaka milango ya vyoo. Baba yako aliandika barua kuomba mashine moja tu, lampemètre iliyokuwa imelala stoo tangu redio za transista zilipoingia. Wenzake walicheka. Mashine ya kupima zile lampu za vioo za redio za kale, nani anaihitaji? Yeye alikuwa ameona mbali. Redio mpya zilikuwa zimeuzwa au zimeibwa, na watu walianza kuteremsha kutoka darini zile kubwa za mbao za baba zao. Na simu zilipokufa, miji ilibaki kuzungumza kwa phonie, zile redio za kuitana kutoka mbali, na phonie nyingi za misheni na za hospitali bado zilikuwa na lampu kubwa mbili mwishoni, pale sauti inapopata nguvu ya kusafiri. Lampu ikichoka, mji mzima unakuwa kiziwi. Pasipo mashine ya kupima, utajuaje ni ipi imechoka?

Alipewa ruhusa kwa karatasi yenye muhuri. Aliileta nyumbani juu ya baiskeli, akiisukuma njia yote. Mvua za mwaka ule zikaja na ile homa yake, akafa kabla hajaifungua.

Wewe ulikuwa shuleni Mulungwishi. Mimi nilibaki na mashine isiyowaka. Mnunuzi wa shaba alikuja mara tatu. Alikaa mlangoni akiitazama kama mtu anayetazama mbuzi. «Mama, mule ndani muko shaba mingi,» alisema. «Ile transformateur peke yake, bantu bangefurahi.» Mara ya tatu nilimwambia kwamba akirudi tena nitammwagia maji ya ugali. Sikukataa kwa busara, Yvette. Nilikataa kwa hasira. Sikutaka kitu cha baba yako kitupwe motoni kwenye uwanja wa nyuma ili waya wake uvuliwe ngozi. Na nilijiambia: kila waya uliomo mule nimeuchora kwa mkono wangu. Nitashindwaje kuuamsha?

Nilishindwa mara ya kwanza, na haraka. Niliifuta vumbi, nikaichomeka ukutani moja kwa moja, nikabonyeza. Ikanguruma, kisha kikatoka kishindo kidogo na harufu ya nta iliyoungua, na chumba kikajaa moshi mweupe. Miaka kumi na zaidi mashine ilikuwa imelala kwenye unyevu, mpira wa nyaya zake umegeuka unga, nami niliidai ifanye kazi yote kwa dakika moja. Nilikaa chini nikalia, kisha nikanyanyuka nikachukua bisibisi. Miezi minne nilibadilisha nyaya zilizopasuka, moja leo, nyingine kesho, mchoro wangu umetandikwa mezani. Vile vikopo vya karatasi na nta vinavyohifadhi umeme, condensateur, nilivitoa kwenye redio mbovu nikaviweka mahali pa vile vya zamani. Nilisugua matundu ya lampu kwa pombe kali ya majirani. Siku ilipowaka, nikaweka ndani yake lampu niliyojua ni nzima, sindano ikapanda mpaka mahali pake na kutulia. Nilicheza peke yangu humu chumbani. Kweli nilicheza.

Hapo ndipo kiburi kiliponiingia, wala si kile kizuri.

Damas alikuja Jumamosi moja na redio ya mteja wake. Wakati ule alikuwa fundi cherehani anayetafutwa, unakumbuka. Wanawake walitoka mpaka Kambove kuja kushonewa suti za harusi. Akanikuta nimeigeuza mashine kichwa chini nikitaka kuikaza mguu. Ilikuwa imewaka muda mfupi kabla. Nilikuwa nimeizima kabla hajaingia. Nilikuwa nimeng'oa fishi ukutani, ile plagi yenye meno mawili, nikabaki nayo mkononi. Nikamwambia aniinulie upande mmoja.

Alisita, akaniita kama anavyoniita siku zote, mimi dada yake mkubwa: «Yaya, haitanikamata?»

Fishi ilikuwa mkononi mwangu, nyuma ya mashine, naye hakuiona. Nilikuwa nacheka. «Iko imekufa. Shika tu.»

Akashika. Kidole kikaingia chini ya fremu, kikagusa mahali.

Sikusikia kelele. Niliona mkono wake ukiruka nyuma kama umevutwa na mtu mwingine, ukapita kwenye kioo cha dirisha. Kwanza hakukuwa na damu, kisha ikawa nyingi mno. Alinitazama. Hakuwa na hasira, alishangaa tu. Nilifunga mkono wake kwa kitenge changu, nikapiga kelele kuita watu.

Na sasa nakuandikia jambo ambalo hakuna mtu aliyeliona. Kati ya kuita na watu kufika, ilikuwa muda wa kuhesabu mpaka kumi labda, Damas akiwa amefumba macho sakafuni, mimi niliirudisha fishi ukutani. Niliichomeka kwa mkono wenye damu ya ndugu yangu. Watu walipoingia nikasema umeme ulikuwa umekatika, ukarudi ghafla.

Wote waliamini. Kwa nini wasiamini? Umeme wa mji huu umekuwa ukikatika na kurudi kama mlevi tangu kampuni ianguke. Nilikuwa nimechagua mshitakiwa ambaye hawezi kujitetea. Jioni yake dada wa kanisa walikuja, wakasimama mbele ya prizi, lile tundu la fishi ukutani, wakaiombea. Nilisimama kati yao nikaitikia amina. Wewe uliporudi likizo nilikueleza hivyohivyo, na ulimhurumia mjomba wako, ukaulaani umeme pamoja nami.

Jeraha lilipona. Mishipa ya vidole viwili haikuungana. Suti za harusi zikaenda kwa mafundi wengine, na Damas akabaki na viraka na sare za shule.

Siku mbili baada ya ajali nilitandika mchoro. Nilifuata mstari kwa kidole kutoka mahali alipogusa. Pale palikuwa na ile alama, mistari miwili iliyolala sambamba, condensateur ya mwisho, kubwa kuliko zote. Hujaza umeme ndani yake na kuushika hata ukiwa umeng'oa fishi. Pembeni yake palichorwa kipinga umeme kidogo ambacho kazi yake ni kuumwaga polepole mashine ikizimwa. Nilikipima. Kilikuwa kimekatika ndani, pengine zamani sana, na sikuwa nimekipima siku hata moja. Mwanangu, alama ile niliichora maelfu ya mara nilipokuwa kazini. Niliichora vizuri, mistari yangu ilisifiwa. Nilijua sura yake, sikujua kinachokaa ndani yake.

Wote waliniambia niitupe mashine. Mama mkwe wangu, majirani, hata Damas mwenyewe kwa upole: «Yaya, achana nayo, itakuua.» Nilikataa. Na hapa unielewe sawasawa, kwa maana katika barua hii najuta jambo moja, sijuti mawili. Sijuti kuendelea. Kama ningeitupa, mkono wa Damas ungekuwa umeharibika bure, na mimi ningekuwa sijajifunza kitu isipokuwa kuogopa. Niliifungua upya na kuijenga tena, safari hii kama mtu anayejua kwamba kuna mwingine atakayeigusa.

Unakumbuka ulivyokuwa unanicheka. Ile balbu niliyoifunga kwenye njia ya umeme kabla ya mashine, ili kukiwa na kasoro balbu iwake kwa ukali badala ya mashine kuungua, uliiita mshumaa wa Mama. Waya wa tatu unaokwenda kwenye chuma nilichozika ardhini chini ya dirisha, uliuliza kama nimempanda mtu pale. Na mkono wangu wa kushoto, ambao huuweka nyuma kwenye kitenge kila ninapogusa kitu chenye umeme ili umeme usipite kifuani kutoka mkono hadi mkono, ulisema uko likizo. Ile fimbo ya mwiko yenye kipinga umeme kwenye ncha, ninayogusia kila condensateur na kuhesabu pole, kisha napima kwa voltmita, kisha nagusia tena, ulisema nambariki mashine. Ulipokuwa na haraka ulitaka kugusia kwa bisibisi tu, cheche iruke tumalize, nami nilikunyang'anya bisibisi kwa nguvu mpaka ukanuna siku nzima. Sikukueleza. Sasa unajua. Kila moja ya kanuni zile ni mjomba wako Damas.

Nawe ukawa fundi kunipita. Sisemi hivyo kwa sababu ni mama yako. Phonie ya pale nyumba ya uzazi ilipokufa mwaka jana, na mkunga akaja hapa na zile lampu mbili kubwa zimefungwa kwenye kanga ya mtoto, mimi nilizipima nikasema zote nzima. Wewe ulisema, «Mama, tungoje zipate moto.» Tukangoja. Baada ya robo saa sindano ya ile ya pili ikaanza kushuka, pole, kama mtu anayesinzia. Mimi ningewarudishia lampu mbovu. Ulitafuta nyingine, tukaenda pamoja kuiweka, na mkunga akashika kipaza sauti: «Kamina, Kamina, huku Likasi.» Ikapita kimya, kisha Kamina wakajibu, nasi tukamwona mkunga yule, mtu mzima, akikaa chini na kujifunika uso. Mwezi uliopita watu wa Kamina wakauliza kwa phonie hiyohiyo kama yule binti anaweza kwenda kuwatunzia mashine zao za hospitali.

Damas akasema hapana. Nami nilijua anachokiogopa. Aliogopa kitu nilichokibuni mimi.

Wiki tatu nilizunguka na jambo hilo. Nilitafuta njia ya kukupeleka Kamina bila kusema. Nilifikiri nimwambie baba mdogo wako aamue, nilifikiri uondoke tu, atazoea. Mwishowe Jumatatu nikaenda kwake.

Nilimkuta kwenye cherehani ya miguu, kando ya dirisha, akiwa ameinama mpaka pua inakaribia kitambaa, kwa sababu mawingu yalikuwa yameziba mwanga. Mke wake, Mama Solange, alikuwa anapiga pasi ya makaa uani. Nimeingia nyumba ile kila wiki kwa miaka sita. Mbao mbili zilizopigiliwa ukutani nyuma ya cherehani nilikuwa nimeziona, nikadhani zinafunika ufa. Kamba iliyokuwa inashika balbu nilikuwa nimeona haina balbu, nikadhani ni umaskini, kama kwetu sote.

Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana nikikaa nisingesema. Nilimwambia fishi ilikuwa mkononi mwangu. Nilimwambia niliirudisha.

Aliacha kukanyaga. Gurudumu likazunguka peke yake mpaka likasimama.

«Weye ndiyo ulisema courant ilirudia,» akasema.

«Ndiyo.»

«Ile prise,» akaonyesha zile mbao bila kugeuka, «minye nilipigilia mbao juu yake. Nikakata na waya ya balbu. Batoto bangu banasomea kwa koroboi, miaka sita. Mama Solange aliomba pasi ya courant, nikamukatalia. Nikasema, haiko kintu cha kuamini, inarudia yenyewe.» Akazigeukia zile mbao. «Kumbe hairudie yenyewe.»

«Hairudi yenyewe, Damas. Ilikuwa imebaki ndani, na mimi sikuitoa.»

Mama Solange alikuwa amesimama mlangoni na pasi mkononi. Hakuna aliyemtazama.

«Na kama Yvette hangepata kazi ya Kamina,» Damas akauliza, «ungeniambia?»

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikasema, «Sijui.»

Akaniambia niende. Hakupaza sauti.

Alhamisi, ulipokuwa sokoni, alikuja. Hakusalimia. Alisema anataka kuona mahali pale. Nikaifungua mashine mbele yake, nikakitoa kile kipinga umeme kidogo ili iwe kama siku ile, nikaiwasha kupitia balbu, nikaizima, nikang'oa fishi, nikaiweka mezani mbele yake aione. Kisha nikaweka voltmita, naye akaona kwa macho yake sindano imesimama juu wakati waya uko mezani. Aliitazama muda mrefu sana. Nikachukua ule mwiko. Akaushika kabla yangu.

«Nionyeshe pa kugusa.»

Nikamwonyesha. Akaweka mkono wa kushoto nyuma kama alivyoniona nikifanya, na kwa mkono ule wa vidole vilivyokunjika akagusia, akahesabu kwa sauti. Sindano ikashuka mpaka chini. Akagusia tena. Mimi nikampimia mara ya mwisho. Kisha, kabla sijasema neno, akaweka vile vidole viwili juu ya chuma kile kilekile, akaviacha pale. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye masikio. Hakuna kilichotokea.

Akasema, «Mutoto aende. Kazi iko muzuri kama muntu anaijua.» Akavaa kofia yake. Mlangoni akageuka. «Lakini weye, yaya, minye niko na hasira na weye. Usinifuate nyumbani.»

Sijamfuata. Sijui kama atakuja stesheni kesho. Jana Mama Solange alimtuma mtu kuniomba balbu, nikampa mbili.

Yvette, huko unakokwenda watakuambia mengi. Watasema mashine hizi ni za makumbusho, na kwamba nchi imekwisha, na kwamba msichana mwenye akili angeenda kuuza vitenge Kasumbalesa. Wasikilize kwa adabu, kisha uwashe mashine. Kuna watu wamebomoa mji huu kipande kwa kipande na kuuuza kwa uzito, na mimi na wewe tumekaa katikati yao tukirudisha kipande kimoja kimoja mahali pake. Sioni aibu juu ya hilo na sitaki uione. Utapata mashine mbovu kuliko hii, na utakosea, kwa sababu mimi nilikosea na baba yako alikosea, naye alikuwa bora kuliko sisi wote. Kosa lenyewe lilikuwa la nukta moja. Lililobaki, zile mbao ukutani na watoto kusomea moshi wa koroboi, nililifanya kwa miaka sita, kila siku, kwa kunyamaza. Mtu akiumia mezani kwako, iache fishi mahali ilipo, na useme palepale, hata kama ni siku yako ya kwanza, hata kama watakurudisha Likasi kwa treni inayofuata. Ukirudi kwa sababu hiyo, nitakupokea stesheni na kichwa changu kikiwa juu.

Wazazi wengine huiweka barua kama hii ndani ya mzigo, ili mtoto aisome treni ikiwa imeshaondoka. Nilifikiri hivyo pia. Nikaona ni ujanja uleule. Kwa hiyo naiweka chini ya sahani yako ya chakula cha leo. Isome hapahapa nyumbani. Ukimaliza, mimi nitakuwa jikoni. Kama una hasira, njoo uniambie usoni. Sitatoka jikoni mpaka uje.

Mama yako